Baiskeli imeibwa: hatua kwa hatua, kuanzia kabla haijaondoka hadi inaporudi

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, wenzangu walikuwa Mwenge wananisubiri tuanze safari ya Bagamoyo. Mimi nilikuwa barazani kwangu Tabata, helmeti mkononi, naangalia waya wa kufuli uliokatwa vipande viwili. Taa ya nje ilikuwa inawaka kama kawaida. Ndala zangu zilikuwa palepale nilipozivua. Baiskeli haikuwepo.

Siku ile nilikosea karibu kila kitu. Nilizunguka mtaani saa mbili nzima bila kumuuliza mtu swali la maana. Nilirusha tangazo kwenye makundi nikiwa na hasira, tena halina namba ya fremu. Kituo cha polisi nilifika saa nane mchana. Na siku chache baadaye, kijana ambaye hakuiba chochote alinusurika kupigwa na watu waliokuwa upande wangu. Baiskeli ilipatikana baada ya siku kumi na moja, na iliyoirudisha ni karatasi ndogo pamoja na jicho la fundi mmoja mzee.

Tangu hapo kikundi chetu kimeibiwa baiskeli nyingine nne, na mbili tumezipata. Ninayoandika hapa yametokana na hizo tano. Nimeyaandika kwa wapanda baiskeli wa Dar es Salaam, ila aliyeko Arusha, Mombasa au Nairobi atakuta mengi yanamhusu, na nitataja pale utaratibu wa Kenya unapotofautiana.

Hatua ya kwanza: leo, ukiwa bado unayo

Pindua baiskeli isimame kwa siti na usukani. Chini kabisa ya fremu, katikati ya pedeli mbili, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Baiskeli nyingi zina namba hapo. Chache utaikuta mbele chini ya usukani, au nyuma karibu na ekseli ya tairi. Itakuwa imefunikwa na tope lililoshikana na grisi. Chukua mswaki uliokwisha kazi na mafuta ya taa kidogo, sugua, futa kwa kitambaa. Isome taratibu, kisha mpe mwenzako naye aisome bila kumwambia wewe umeona nini, maana 8 na B, 0 na O, 1 na I vinachanganya hata macho mazuri. Ukiipiga picha, tochi ishikiliwe pembeni. Ikimulika moja kwa moja chuma kinang'aa na namba inapotea.

Namba hii ndiyo jina la baiskeli yako. Rangi inapulizwa upya kwa muda mfupi, tairi linabadilishwa, siti inauzwa peke yake, lakini wanaoiba mara nyingi hawana habari na namba iliyo chini ya fremu. Ukienda kituoni ukasema "baiskeli yangu ni ya bluu", umesema kitu ambacho watu mia wanaweza kukisema.

Halafu fanya hili ambalo liliniokoa mimi. Legeza boliti ya siti, ichomoe pamoja na bomba lake. Andika kwenye karatasi jina lako kamili, namba ya simu, tarehe ya siku hiyo, na uweke sahihi. Ikunje iwe nyembamba kama sigara, iviringishe kwenye nailoni isipate unyevu, ichomeke ndani ya bomba la fremu, kisha sukumia kipande cha sponji juu yake isidondoke hadi chini. Rudisha siti. Piga picha kila hatua. Kazi yote haizidi robo saa.

Kama ulinunua mtumba, na wengi wetu tumenunua mtumba, pengine namba imezibwa na rangi au haipo. Hapo unaweza kugongesha alama yako kwa fundi, mradi fremu iwe ya chuma. Usikubali mtu agonge kwenye kaboni au aluminiamu nyembamba. Ufa unaweza kuanzia hapo, na fremu ikikatika ukiwa kwenye mteremko huna pa kushika.

Risiti. Zile za mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia, na baada ya miezi kadhaa unabaki na kikaratasi cheupe. Ipige picha siku hiyo hiyo. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishaneni: jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake, simu, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi zenu na shahidi mmoja. Muuzaji akikataa kuandika, iache hiyo baiskeli hata kama bei ni tamu. Najua inauma. Ila ukiinunua, kuna mtu mahali fulani anaangalia waya uliokatwa kama nilivyouangalia mimi.

Kuna pia daftari la kimataifa la mtandaoni linaloitwa Bike Index, la shirika lisilo la faida la Marekani. Kuandikisha ni bure na mtu yeyote popote anaweza kutafuta namba humo. Kikundi nacho kiwe na daftari lake, likae kwa watu wawili mnaowaamini. Msiliweke kwenye kundi la WhatsApp. Orodha ya baiskeli za bei kubwa pamoja na majina na mitaa ya wenyewe, ikimfikia mtu mbaya, imemrahisishia kazi.

Hatua ya pili: ilale wapi, ifungweje

Hapa sitakaa sana. Waya mwembamba wa kufuli hukatwa kwa mkasi wa vyuma mara moja tu. Wangu ulikatwa hivyo. Tumia kufuli la chuma kigumu la umbo la U, lipitie fremu pamoja na ringi ya nyuma, na lishike kitu kisichong'oka. Nguzo fupi si kitu kisichong'oka, kwa sababu baiskeli huinuliwa ikapitishwa juu yake. Kama tairi la mbele linafunguliwa kwa mkono bila spana, lifunge nalo. Usiku iingie ndani, hata kama ndani ni chumba kimoja. Mimi sasa yangu inalala kichwani pa kitanda.

Kama unatumia Strava, ile programu ya simu inayorekodi safari zako, ingia kwenye mipangilio ufiche mwanzo na mwisho wa safari zako. Usipoficha, ramani yako inaonyesha kila asubuhi geti unalotokea.

Watu huniuliza kuhusu vile vifaa vya kufuatilia. AirTag hutegemea simu za Apple zinazopita karibu nayo, na mitaa mingi ambako baiskeli ya wizi huishia simu nyingi si za Apple, kwa hiyo inaweza kukaa kimya muda mrefu. Tena ilitengenezwa impe taarifa mtu anayetembea na kifaa kisicho chake, kwa hiyo mwizi naye anaweza kujulishwa. Vile vya laini ya simu wanavyofunga kwenye bodaboda vinafanya kazi, ila vinataka umeme, na baiskeli haina betri ya kuvilisha. Ukiweza, weka. Usivitegemee peke yake.

Hatua ya tatu: dakika za kwanza

Tofautisha mambo mawili. Ukisimamishwa njiani na watu wenye panga, au bodaboda ikakubana, huo ni unyang'anyi. Shuka, wape, rudi nyuma, usiwatazame machoni kwa kushindana. Fremu inanunuliwa.

Ukikuta haipo, usiguse chochote kwanza. Piga picha mahali ilipokuwa. Kipande cha kufuli kilichobaki kichukue, kihifadhi. Kisha uliza watu wanaokesha, ukianza na mlinzi wa jirani, mama anayekaanga vitumbua kabla jua halijatoka, na vijana wa bodaboda kijiweni. Uliza swali lililonyooka: "Kuanzia saa nane usiku hadi sasa, mmeona mtu akisukuma au kubeba baiskeli?" Kama kuna kamera dukani au kwenye geti la jirani, omba picha siku hiyo hiyo. Kamera nyingi hujifuta na kuandika upya baada ya siku chache, na mwenye kamera akikwambia "njoo wiki ijayo", umekosa.

Usipige kelele ya "mwizi". Ukimwona mtu mbali anasukuma kitu kinachofanana na chako, usipige. Nitarudi hapa.

Hatua ya nne: polisi, asubuhi ileile

Nenda kituo cha karibu na tukio lilipotokea. Kufungua taarifa ni bure. Toa maelezo, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Huko Kenya utapewa namba ya OB. Bila namba hiyo, siku baiskeli ikionekana mtaa mwingine, askari wa huko hana pa kuanzia.

Wengi hukosea jambo moja. Ripoti ya upotevu, ile ambayo watu hukata kwa ajili ya kitambulisho au laini ya simu, si taarifa ya wizi. Ukikata ya upotevu umeandika kwamba ulipoteza. Sema wazi: "Afande, nimeibiwa."

Na sema kilichotokea, usiongeze. Nimewahi kumsikia mwenzetu akishauriwa aongeze panga kwenye maelezo ili kesi ichukuliwe kwa uzito. Unyang'anyi wa kutumia silaha kwa sheria ya Tanzania una kifungo kisichopungua miaka 30. Ukiliweka panga ambalo halikuwepo, unaweza kumfunga mtu miaka 30 kwa uongo wako, na hata kama aliiba kweli, deni hilo utalibeba wewe. Kesi ya kweli yenye namba ya fremu, picha na risiti ina uzito wa kutosha.

Ukitoka kituoni, pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe. Wao ndio wanaojua nani amehamia juzi na nyumba ipi kuna fremu tatu zimelala uani.

Hatua ya tano: tangazo

Tangazo langu la kwanza lilisema: "Jamani nimeibiwa baiskeli yangu naipenda sana, mwizi tutamshika tu." Lilisambaa makundi ishirini na halikumsaidia mtu hata mmoja kuitambua. La pili, aliloniandikia mwenzangu, lilikuwa hivi:

"IMEIBWA usiku wa kuamkia Jumamosi, Tabata. Baiskeli ya mbio, fremu ya bluu, usukani umeviringishwa tepu nyeupe, tairi la nyuma jipya. Namba ya fremu inaishia na 4471. Imeripotiwa polisi na RB ipo. Ukiiona, usiiguse na usimshike aliye nayo. Andika mahali na saa, piga picha kama ni salama, kisha mpigie mratibu wetu."

Angalia yasiyomo. Namba nzima haimo. Ziko tarakimu za mwisho tu, nzima wanayo polisi na mafundi. Karatasi ndani ya fremu haikutajwa. Boliti moja ya shaba kwenye kishikio cha chupa ya maji, ambayo haifanani na mwenzake, nayo haikutajwa. Daima bakiza alama mbili tatu ambazo ni wewe na aliyeiona tu mtakaozijua, kwa sababu simu zitaanza kuingia.

Na zitaingia. Mimi nilipigiwa na watu wanne ndani ya siku mbili. "Kaka, baiskeli yako nimeiona Chanika, nitumie elfu ishirini ya nauli niifuatilie." Mwingine alitaka na ya kutolea. Kila anayepiga muulize kwa upole: "Kishikio cha chupa kina boliti za rangi gani?" Asiyeiona atakata simu au ataanza kukasirika. Ndiyo maana namba inayowekwa kwenye tangazo isiwe ya aliyeibiwa. Mtu mwenye uchungu hutuma hela haraka. Iwe ya mratibu aliyetulia.

Zawadi mkitaka kutoa, andikeni tu "kuna asante". Mkitaja kiasi kikubwa, atakayepiga ni yule aliyeiba, anakuuzia mali yako. Nawajua watu walionunua tena baiskeli zao wenyewe, na siwalaumu. Kikundi chetu lakini tulikubaliana hatutafanya hivyo, kwa sababu baada ya mmoja kulipa, wezi wanajua baiskeli za kundi hili zina soko la uhakika.

Hatua ya sita: kazi ya kikundi

Kabla ya kugawana kazi, kuna neno la kwanza mtakalomwambia mwenzenu. Mimi niliulizwa na watu saba mfululizo: "Kwani hukufunga?" Nilifunga. Hata nisingefunga, baiskeli ilikuwa yangu. Swali hilo linamfanya aliyeibiwa aanze kujitetea badala ya kukumbuka nani alipita jioni, na wengine huona haya wakanyamaza, wakaacha hata kupanda. Dada mmoja wa kikundi ndiye aliyenipigia akasema, "Pole kaka. Umekula? Nakuja tuende kituoni." Nilikumbuka mambo mengi zaidi nikiwa naye garini kuliko asubuhi nzima ya kuzunguka peke yangu.

Kazi zigawanywe kwa watu watatu, na majina yatajwe, kwa sababu "tufuatilie jamani" haifuatiliwi na mtu. Mmoja aende polisi na aliyeibiwa, na awe anamkumbusha mpelelezi kila baada ya siku kadhaa kwa heshima. Mwingine akae na simu asubuhi na jioni aangalie tovuti ya matangazo ya Jiji, masoko ya Facebook, kurasa za Instagram na hata status za madalali. Asitafute jina la baiskeli tu. Muuzaji wa mali ya wizi mara nyingi halijui, huandika "baiskeli ya mbio kali sana bei poa". Akiiona, apige picha ya skrini pamoja na namba ya muuzaji na tarehe, asimtumie ujumbe wa kumtisha. Akitishwa, tangazo linafutwa na baiskeli inavunjwa vipande usiku huo.

Wa tatu aende kwa mafundi, na huyu ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote.

Baiskeli ya wizi ikishaanza kutembea, haikwepi pancha. Cheni itakatika, breki italegea, na aliye nayo ataipeleka kwa fundi chini ya mwembe. Fundi anaziangalia baiskeli kwa namna ambayo mimi na wewe hatuziangalii: anajua spoku aliyoiweka yeye na aliyoiweka mwingine. Lakini fundi ana hofu. Akisema "niliiona", anaweza kuitwa shahidi, au mshukiwa, na kijiwe chake kikafa. Kwa hiyo usiende kwake na kundi la watu wenye simu zinazorekodi. Nenda peke yako, salimia, kaa kwenye kigoda, subiri amalize kazi ya mteja. Mpe karatasi iliyochapwa yenye picha na namba nzima, maana si kila fundi ana simu ya kupokea picha. Mwambie: "Mzee, ikija, wewe nipigie tu. Jina lako sitalitaja mpaka wewe mwenyewe ukubali." Na litunze hilo neno.

Kama hujawahi kumpelekea kazi fundi yeyote mtaani kwako kwa sababu unatengenezea duka la mjini, anza mwezi huu. Fundi aliyenisaidia Buguruni alikuwa amenifungia boliti moja tu maishani mwake.

Kati ya siku hizo za kusubiri, mwazimeni mwenzenu baiskeli ya Jumamosi. Yangu ilikuwa kubwa kuliko kimo changu na siti ilinichubua, lakini niliendesha hadi Bunju na kurudi nikiwa katikati ya watu. Mchango wa fedha ukiamuliwa, uwe na mwisho na hesabu iliyoandikwa, na kila mtu ajue mapema: baiskeli ya zamani ikirudi, hela zinakwenda wapi.

Hatua ya saba: ikionekana

Siku ya kumi na moja fundi yule alinipigia. Baiskeli ilikuwa imepuliziwa rangi nyeusi, tepu nyeupe imetolewa, nyuma imefungwa keria. Kijana aliyekuja nayo alitaka kuzibiwa pancha. Fundi akageuza fremu kutafuta pa kushika na akaiona boliti ya shaba. "Ile niliiweka mimi," aliniambia kwenye simu kwa sauti ya chini. Alimwambia kijana tairi linataka tyubu nyingine, aiache, arudi jioni.

Tulipaswa kwenda polisi na namba ya RB, tukaomba askari. Badala yake tulikwenda sita, tumevaa jezi zetu. Kijana aliporudi kuichukua, mmoja wetu, mtu mwema ambaye nampenda, akasema kwa sauti: "Mwizi mwenyewe huyu hapa!"

Sikuhesabu sekunde. Watu walitoka kwenye magenge ya ndizi, kwenye kibanda cha M-Pesa, kwenye foleni ya daladala. Mtu niliyekuwa sijawahi kumwona alishika tofali. Hawakuuliza kilichoibwa. Hawakuuliza ni cha nani. Kijana alikuwa ameganda, mikono kifuani, anarudia neno moja: "Nimenunua, nimenunua, nimenunua." Fundi, mzee wa miaka sitini na kitu, aliruka juu ya vyuma vyake akasimama mbele yake amenyoosha mikono. "Mteja wangu huyu! Mteja wangu, namjua mimi!" Alipiga kelele hivyo mpaka wale wa mbele wakasita. Nasi tukapata akili, tukamzunguka kijana, tukamwingiza dukani kwa mtu, tukapiga 112.

Alikuwa anasambaza mikate madukani. Aliinunua kwa shilingi 80,000 kwa mtu aliyemjua kwa sura.

Kwa hiyo, ikionekana, fanyeni hivi. Neno "mwizi" lisitoke kinywani mwa mtu yeyote mbele za watu, hata kwa kunong'ona, hata kama mna uhakika. Mnajua na mimi najua neno hilo linamfanya nini mtu katika miji yetu. Aende mtu mmoja kuthibitisha, kwa mbali, bila jezi. Aangalie alama mlizozificha. Kisha RB ipelekwe kituoni na askari ndiye atangulie. Mkiwa na fundi, kazi yake ni kuchelewesha tu kwa maneno ya kawaida: tyubu imeisha, gundi haijakauka. Aliye nayo akiondoka kabla askari hajafika, aende. Mmeshajua sura yake na njia anayopita.

Kisheria, kununua mali ya wizi kwa kawaida hakumpi mtu umiliki, hata kama hakujua. Lakini kosa la kupokea mali ya wizi ni jambo jingine: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhusu anayejua au mwenye sababu ya kuamini kwamba mali imeibwa. Kenya kifungu cha 322 kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Nani alijua na nani hakujua ni la polisi na mahakama kupima, kwa maswali. Yule kijana alitoa maelezo, akawaonyesha wapelelezi aliyemuuzia, na kesi ikaenda huko.

Hatua ya nane: kuthibitisha na kuisubiri

Kituoni askari aliuliza swali la haki kabisa: "Baiskeli yako ni ya bluu, hii nyeusi. Nitajuaje?" Nilimpa namba ya fremu na picha. Kisha nikaomba fundi alegeze siti mbele yake. Siti ikatoka. Fundi akaingiza plaizi ya mdomo mrefu, akavuta sponji, halafu kikatoka kile kikaratasi kwenye nailoni yake. Askari alikikunjua mwenyewe juu ya meza, akasoma jina kwa sauti, akanyoosha mkono: "Kitambulisho."

Usitegemee kuondoka nayo siku hiyo. Kesi ikiendelea, baiskeli ni kielelezo. Unaweza kuomba, kwa mpelelezi au mwendesha mashtaka, irudishwe baada ya kupigwa picha na kuandikwa vizuri, na uahidi kuileta ikihitajika. Ombi liwe la maandishi, na nakala ubaki nayo. Wakati unasubiri, hakikisha imeorodheshwa pamoja na vifaa vyake vyote, siti, pedeli, taa, ili kinachoingia stoo ndicho kitakachotoka. Yangu ilikaa wiki sita.

Kuhusu kijana wa mikate, tulichangishana tukamrudishia sehemu ya ile 80,000. Wengine katika kikundi hawakukubali, na sikuwalazimisha. Mimi nilitoa kwa sababu nililiona lile tofali.

Hatua ya tisa: funga matangazo

Ikirudi, rudi kila mahali ulipopita. Futa matangazo, au andika juu yake IMEPATIKANA na tarehe. Badilisha hali yake kule Bike Index. Wapitie mafundi wote, chukua karatasi zako, washukuru mmoja mmoja. Aliyeipata mpelekee asante yake mkononi. Mwambie mpelelezi na mwenyekiti wa mtaa. Tembea na nakala ya barua ya kurudishiwa kwa miezi michache.

Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Mwezi mmoja baada ya kurudishiwa, nimesimama kwenye taa za Mwenge, akaja pembeni yangu mpanda baiskeli nisiyemfahamu, kijana wa kikundi kingine. Aliitazama fremu nyeusi, akaitazama tena kwa makini. Hakupaza sauti. Alisema, "Shikamoo braza. Samahani, naomba tusogee pale kivulini nikuulize kitu." Tukasogea. Nikaipindua baiskeli juu ya siti na usukani, akatoa simu yake yenye tangazo letu la zamani, tukainama wote wawili, tukasoma zile tarakimu nne za mwisho pamoja.